Bahasha kwenye droo ya cherehani

MUULIZE NESI
Barua za wasomaji hujibiwa na muuguzi mstaafu, Tanga

*Shikamoo Mama Nesi. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, nina miaka 38, nina mume na watoto watatu: wa miaka 14, 9 na 4. Mwishoni mwa mwaka jana nikiwa naoga nilishika kitu kigumu kwenye titi la kulia, kidogo kama punje ya kunde. Hakikuuma, nikakiacha. Kikakua mpaka kikawa kama kokwa ya zambarau, ndipo nikaenda hospitali. Nikapigwa picha, nikachomwa sindano nene, wakachukua kinyama. Leo ni siku ya 19 tangu nipewe majibu kwamba ni saratani. Baada ya kulisikia neno hilo sikusikia tena daktari alichosema. Nilitoka na bahasha na barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam, vyote nimeviweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Mume wangu hajui. Anayejua ni mama mkwe peke yake, naye ananisihi nisikubali kukatwa maana kisu kinaamsha ugonjwa, ninywe kwanza majani ya mstafeli. Usiku silali. Naamka saa nane nawatazama watoto. Mama, ndiyo nimekwisha? Na nikikatwa, mkono huu wa kulia utaweza tena kazi? Nianzie wapi?*

*Fundi, Muheza*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaisoma tena, nikakaa nayo barazani mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Nianze na hilo linalokuamsha usiku: hapana, hujakwisha. Sisemi hivyo ili kukutuliza tu. Mwaka 2009, nikiwa na miaka 46, nami nilipewa bahasha kama yako. Langu lilikuwa titi la kushoto, hatua ya pili. Nilikatwa, nikatundikiwa dripu sita za dawa za saratani, nikapigwa mionzi wiki tano, kisha nikameza vidonge kila siku kwa miaka mitano. Leo nakuandikia, na wajukuu wanapiga kelele hapa uani.

Nikwambie na lile ambalo kwa muda mrefu nilimwambia mtu mmoja tu. Kile kivimbe nilikaa nacho miezi minne bila kumwonyesha yeyote. Mimi nesi, niliyekuwa nawafundisha kina mama kliniki wajikague matiti. Kila nikioga nilikwepa kupitisha mkono upande ule. Kwa hiyo sitakugombeza kwa siku 19. Ila naijua hiyo droo yako. Kila siku inayopita, kuifungua kunakuwa kugumu kuliko jana.

Kwa hiyo ifungue leo, kabla ya jambo lingine lolote. Toa karatasi ya majibu ya kinyama uisome, hata kama imejaa maneno usiyoyajua. Angalia kama kuna herufi ER, PR na HER2. Mbili za mwanzo zinaeleza kama uvimbe wako unalishwa na homoni za kike. Kama ndivyo, kuna vidonge vya kuuzuia, kimojawapo ni tamoksifeni, ndicho nilichomeza mimi, miligramu 20 kwa siku. Hiyo HER2 ni aina nyingine, nayo ina sindano yake, huchomwa kwa muda wa mwaka hivi. Na kama zote tatu zimeandikwa hazipo, ugonjwa huo hutibiwa zaidi kwa dripu, na unataka haraka. Unaona sasa, watu wakisema "kansa ya titi" wanataja magonjwa kadhaa kwa jina moja. Jirani aliyefariki huenda alikuwa na lake, wewe una lako. Kama herufi hizo hazimo kwenye karatasi, hilo ndilo swali lako la kwanza huko uendako: kinyama changu kimepimwa vipokezi vya homoni, yaani ER na PR, na pia HER2? Omba wakupe nakala ya kila karatasi.

Watakupima na mengine pia, picha ya kifua, ultrasaundi ya tumbo, pengine CT scan, ili wajue ugonjwa umekaa kwenye titi tu, umeingia kwapani, au umekwenda mbali zaidi. Hapo ndipo hatua hutajwa. Wewe ni fundi, hukati kitambaa cha mtu kabla ya kumpima. Wiki mbili tatu za vipimo si muda uliopotea. Kinachopoteza watu ni miezi. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mwanamke akifika kituoni na dalili, ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60, na matibabu yaanze ndani ya miezi mitatu. Hesabu kuanzia siku ile ya kwanza ulipokwenda hospitali. Ukihesabu utaona muda ulio nao si mwingi, lakini upo.

Sasa kisu. Mama mkwe wako hakuchukii, na maneno hayo hakuyatunga yeye. Nimeyasikia wodini, msibani, hata kwa watu waliosoma. Yametoka kwenye jambo watu waliloliona kwa macho. Mama anakaa na uvimbe mwaka mzima, anazunguka kwa waganga, titi linapasuka na kutoa harufu, ndipo anapelekwa hospitali. Anakatwa, au anachukuliwa kinyama tu, na baada ya miezi michache anafariki. Waliobaki wanakumbuka kisu kwa sababu ndicho kilichokuja mwisho. Ule mwaka mzima uliotangulia hakuna anayeutaja. Upasuaji hauamshi saratani, wala sindano ya kinyama haiisambazi. Uvimbe ukiachwa ndio unaosambaa. Na usishangae wakikuanzishia dripu kwanza ili uvimbe upungue ndipo wakate. Kwa wengine hufanywa hivyo. Wengine hutolewa uvimbe tu na titi likabaki, kisha wakapigwa mionzi. Uliza kama wewe unaweza kuwa mmoja wao.

Mstafeli una matunda matamu, ule ukipenda. Lakini majani yake hayajathibitika kumponyesha binadamu saratani, na ukiyanywa wakati unapewa dripu, ini na figo zako zitakuwa zinabeba mzigo mwingine juu ya mzigo. Hata ukinywa kikombe kimoja, mwambie daktari. Wagonjwa wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa. Mama mkwe mpe kazi nyingine. Akusindikize siku ya kuonana na daktari, aulize yeye mwenyewe habari ya kisu. Wazee wakijibiwa kwa heshima huelewa, na huyo atakuwa mtetezi wako mtaani kuliko mimi.

Mumeo mwambie. Mimi nilimwambia wangu jikoni, jioni, ananipigia moto kwenye jiko la mkaa. Hakusema neno. Alichukua ndoo akaenda kuchota maji, na pipa lilikuwa limejaa pomoni. Alirudi baada ya saa nzima, ndoo haina kitu, macho mekundu, akaniuliza, "Tunakwenda lini?" Wako huenda akalia, huenda akanyamaza, huenda akasema neno baya kwa woga. Usipime ndoa yako kwa dakika kumi za kwanza. Chagua wakati watoto hawapo, umpe karatasi mkononi, umwambie mambo matatu: wamesema nini, natakiwa kwenda wapi, na nahitaji nini kwako. Hilo la tatu liwe kitu anachoweza kufanya kwa mikono yake, kama nauli, kusimamia watoto, au kukaa nawe kwenye foleni. Mwanamume aliyepewa hofu bila kazi ya kufanya hupotea nyumbani.

Watoto nao wanajua kuna jambo. Wa miaka 14 ameshaona huli. Mtajie ugonjwa kwa jina lake, maana asipolisikia kwako atalisikia kisimani. Wa miaka 9 mwambie si yeye aliyekusababishia ugonjwa kwa utundu wake, na wala hauambukizi. Watoto wa umri huo hujilaumu kimyakimya. Binti yangu alikaa wiki nzima akidhani nimeugua kwa sababu alivunja kioo cha kabati. Mdogo wa miaka 4 yeye mwambie tu mama ana kidonda, ataenda Dar kutibiwa, na nani atampikia uji.

Nije kwenye mkono, maana najua ndio ulio karibu zaidi na moyo wako, ndio unaolisha nyumba. Wakikata titi mara nyingi hutoa na tezi za kwapani ili zipimwe. Siku za mwanzo mkono huwa mzito, kwapa limekaza kama nguo iliyobana, na upande wa ndani wa mkono unakufa ganzi. Watu wengi kwa kuogopa maumivu hulaza mkono kifuani, na hapo ndipo bega hukauka. Mazoezi utaanza kwa siku watakayokuambia hospitali. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya ukuta, napandisha vidole polepole kama mjusi anavyopanda, nikifika mwisho naweka alama ya mkaa. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kidevu. Baada ya wiki sita ilikuwa juu ya kizingiti cha mlango. Ukuta ulipopakwa chokaa nilimzuia fundi asifute pale.

Cherehani utairudia. Anza na kazi nyepesi, kupindia na kuweka vifungo, uyaache mazulia na mapazia mazito kwa muda. Vaa kidole cha chuma, maana kuchomwa sindano kwenye mkono ule si jambo dogo tena: jeraha likiingia uchafu mkono unaweza kuvimba. Ukiona umevimba, umekuwa wa moto au mwekundu, usisubiri kesho. Na kila unapokwenda kutolewa damu au kutundikiwa dripu, kumbusha watumie mkono wa pili. Usibebe ndoo kwa mkono huo kabla hujaruhusiwa. Hapo ndipo yule wa miaka 14 anapokuja kusaidia.

Kuna kitu kimoja nataka ukishone kabla hujasafiri. Baada ya upasuaji utatoka na mpira mwembamba ubavuni unaoingia kwenye chupa ya kukusanya maji ya kidonda. Utakaa nayo siku kadhaa. Mimi nilikuwa naishika mkononi kama mtu aliyebeba taa, nikienda chooni sina pa kuiweka, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani aliponipa kanga yake iliyoshonewa mfuko kwa ndani, usawa wa nyonga. Chupa ikakaa humo, mikono ikawa huru. Shona mbili, moja ikifuliwa nyingine uivae. Na blauzi zako za kipindi hicho ziwe za kufungua mbele, maana mkono hautapanda kichwani.

Kidonda kikipona na daktari akikubali, utaweza kujishonea titi la kuvaa ndani ya sidiria. Mimi nilijaza pamba, ikawa nyepesi, sidiria inapanda shingoni. Nikajaribu mtama, ukawa mzito na unachoma. Mwishowe nilitumia ulezi ndani ya kimfuko cha pamba laini, nikaupima kwenye mzani wa jikoni mpaka ukalingana na mwenzake. Bega likakaa sawa, na mgongo ukaacha kuuma. Badilisha ulezi mara kwa mara, jasho huuharibu. Wewe utashona vizuri kuliko mimi.

Dripu sitazieleza sana, hospitali watakufundisha, lakini matatu uyajue mapema. Dawa moja inayotumika mara nyingi ni nyekundu kama sharubati ya rozela, na siku ile au ya pili yake mkojo hutoka mwekundu. Si damu. Mimi nesi nilipiga kelele chooni. Nywele huanza kudondoka kama wiki mbili au tatu baada ya dripu ya kwanza. Niliwahi kinyozi kabla, sikutaka kuziokota kwenye mto wa kulalia. La tatu ndilo kubwa: dripu hushusha kinga ya mwili, kwa hiyo nunua kipimajoto. Kikisoma 38 au zaidi, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama unajiona mzima, nenda hospitali usiku huohuo useme wazi kwamba uko kwenye dawa za saratani. Usimeze panadoli ukalala. Pia usishike mimba katika kipindi cha matibabu. Uzazi wa mpango usio wa homoni uzungumze nao hukohuko.

Taasisi ya Saratani Ocean Road utaiona ni majengo ya zamani ya Wajerumani, yanatazamana na bahari, kwenye barabara ambayo siku hizi inaitwa Barack Obama. Mimi nilifikia kwa shemeji Magomeni, nashuka Posta natembea. Kifuani nilikuwa na mistari ya wino waliyonichora ili mionzi ipige palepale kila siku, nimekatazwa kuisugua. Kwenye benchi tulijuana kwa mistari hiyo, inachungulia kwenye shingo za kanga. Huyu katoka Lindi, huyu Kigoma, huyu mwalimu, huyu muuza samaki. Hapo ndipo nilipopata usingizi wangu, mwanangu. Kwenye benchi lile palikuwa na mama aliyekuja kupimwa tu, alitibiwa miaka tisa nyuma. Kila nilipoamka usiku nilimkumbuka, mnene, anakula chungwa. Mtafute wako. Waulize wauguzi kama kuna kikundi cha waliopona. Ukiona safari ya Dar nzito, uliza pia kama rufaa yako inaweza kwenda hospitali ya KCMC, Moshi. Na wasomaji wa Kanda ya Ziwa wana hospitali ya Bugando, Mwanza.

Pesa nayo itakutisha. Kama una bima, uliza mapema inalipia nini na kipi hailipii. Kama huna, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitali siku ya kwanza, kabla deni halijakaa, ueleze hali yako bila aibu. Chukua na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Na ukiamka saa nane usiku, usibaki kitandani unawatazama watoto. Washa taa, chukua daftari lako la vipimo vya wateja, fungua ukurasa wa nyuma, andika kila swali linalokukaba. Nenda nalo kwa daktari, na umpe aliyekusindikiza aandike majibu, kwa sababu masikio yako yataziba tena kama yalivyoziba siku ile. Huo si ujinga, ni hofu. Kukicha, hata kama umeandika mstari mmoja, niandikie tarehe ya safari.

*Mama Nesi, mke wangu amemaliza dripu ya pili. Nywele zimekwisha, anajifunika hata mimi nisimwone, analala mzungu wa nne. Nimwambie nini?*

*Mume, Chalinze*

Mwanangu, maneno yasubiri kidogo. Usimwambie "ni nywele tu, zitaota." Zitaota kweli, lakini leo hazipo na analia nazo. Muulize kama angependa umpake mafuta kichwani, ngozi ya utosi huwa inawasha baada ya dripu. Akikataa, usikasirike, muulize tena kesho. Kuwa wewe unayeshika kipimajoto na daftari la tarehe. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa huwatapisha wengi, kwa hiyo pika mbali au pika uji, na umpe chakula kidogokidogo mara nyingi. Kulala naye hakutakudhuru wala hakutamdhuru akiwa anataka mwenyewe, ila siku chache baada ya kila dripu tumieni kondomu, na mimba isiingie. Hilo la mzungu wa nne limalize hivi: nawe geuza mto wako, ulale kichwa kilipo chake.

*Shikamoo bibi. Nina miaka 19, naweka simu na hela kwenye sidiria nikienda sokoni. Bibi yangu anasema ndiyo itaniletea kansa, kama dada yake marehemu na shangazi yangu.*

*Binti, Pangani*

Marahaba mjukuu wangu. Simu na noti haziletei mtu saratani ya titi, hakuna ushahidi huo. Lakini bibi yako katika sentensi hiyohiyo amesema jambo zito kuliko simu. Kati ya saratani za matiti 100, kama 5 hadi 10 hurithiwa katika ukoo. Muulize bibi dada yake na shangazi yako waliugua wakiwa na miaka mingapi, na kama kuna mwingine aliyeugua saratani ya titi au ya mfuko wa mayai, upande wa mama na wa baba, wanaume nao usiwaache, kwani na wao huipata ingawa ni wachache. Andika majina na umri, upeleke karatasi hiyo kituo cha afya, waseme wewe na shangazi zako wengine mwanze kuchunguzwa mkiwa na umri gani.